Moyo Waliouona Wote Isipokuwa Mimi

Mashine ya ekografia ilikuwa bado ngeni Bukavu, nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Docteur alipitisha kile chombo cha baridi juu ya tumbo langu, akarudi palepale mara kadhaa, uso ameukunja. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Moyo, maman. Inapashwa kuwa na vyumba vine."

Kisha akaniambia nivae, akamwita mume wangu ofisini, akafunga mlango. Mume wangu alitoka akiweka sawa kola ya abakosti, koti lake la kiofisi lisilovaliwa tai.

"Docteur anasema mutoto iko bien. Moyo inapiga muzuri."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Tangu siku hiyo nikawa malkia. Mama mkwe, ambaye tangu harusi hakuwahi kuusifia hata ugali wangu, akaanza kuja kutoka Kavumu na maziwa na kuku. "Kula, binti yangu. Usibebe maji," alisema, huku akikwepa macho yangu. Mjinga mimi, nikadhani hatimaye nimependwa. Nilipotaja jina la mtoto mezani, kila mtu alikumbuka ana kazi. Nikafuma kofia, mume wangu akaisifia. Akaisifia!

Uchungu uliponishika tukaenda maternité. Kwenye korido nikamkuta padri wa parokia yetu, stola shingoni, chupa ya maji ya baraka mkononi. Mwanamke anayekwenda kuzaa hasubiriwi na padri.

"Nani aliita padiri?" nikauliza.

Mama mkwe akainamisha kichwa. Mume wangu akatazama dirishani. Hapo nikajua, na hasira ilinipanda kabla ya hofu.

Mwanangu alibatizwa akiwa bado na damu yangu mwilini, midomo imegeuka bluu. Ndipo docteur naye akakumbuka kunieleza: vyumba viwili tu, badala ya vinne, na aliviona tangu siku ile ya ekografia. Mtoto alinishika kidole. Hakufika jioni.

"Nilitaka kukuchunga, maman," mume wangu alisema.

Kunichunga na nini? Miezi yote ile mtoto alicheza tumboni mwangu, nami nikimpangia shule. Ningejua, ningemwambia mambo mengine kabisa.

Mazishini ukoo wa mume wangu uliimba vizuri, macho makavu. Niliwachukia kwa macho yale, mpaka nikaelewa. Walikuwa wamekwisha kumlilia zamani, wote pamoja, bila mimi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.