Kuufuata Uso wa Zawadi, Riyadh hadi Jeddah

Mimi hakuna kitu duniani cha kunishtua. Shule niliacha darasa la nne, leo nina duka la rangi la milango mitatu Mombasa, na fundi wa kunidanganya kuhusu kopo hajazaliwa. Safari hii niliifunga kwa ajili ya mama. Dadangu Zawadi alikuwa mchoraji wa vibanda vya vinyozi. Alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, akaugua, akazikwa huko huko. Picha yake ya maana hatukuwa nayo, ila tulisikia alijichora mwenyewe.

"Niletee uso wake," mama alisema. Basi.

Riyadh, Ijumaa. Nilimpata Nafula, rafiki yake Zawadi, mtaa wa Shumaisi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kaka, kumbe urembo wote alichukua yeye!"

Tukacheka. Alinionyesha uso wake yeye Nafula, uliochorwa na Zawadi kwenye kipande cha boksi. Macho makubwa, kama ya vibandani, na ukingo wa nywele mkali kama wembe. Lakini mdomo ulikuwa wa mtu aliyepiga pasi tangu alfajiri.

"Hakutupamba hata kidogo," Nafula akasema. "Nilimnunia wiki nzima." Akanieleza kwamba bosi wa Zawadi alihamia naye Al-Hamra, Jeddah, na ndiko Zawadi alikofia. Picha aliyojichora ilipelekwa kwa Mzee Seif, mchoraji aliyekuwa akimpa nafasi chumbani kwake siku za mapumziko.

Jeddah, siku ya pili. Mzee Seif asili yake Unguja, kazeekea Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Huchora wachukuzi wa sokoni, wote kwa mgongo. Chumbani mwake hakuna aliyekugeukia. Zawadi tu. Alikuwa ubaoni ananitazama, na shingoni kapigwa mstari mweusi.

"Nani kamchinja?"

"Mimi, mwanangu, walipoileta picha yake mwezi jana kutoka kwa bosi wake. Uso mzima siuweki ninaposali. Ukishakatwa shingo si kiumbe tena, ni rangi. Nikuchoree kidani juu yake? Mstari hautaonekana."

"Mzee, mimi nauza rangi. Mstari mpya hutoka kabla ya rangi ya zamani."

"Lakini rangi yake huyu mtoto..."

"Halas, basi, mzee wangu. Niachie."

Hotelini nikalowesha kitambaa kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikafuta. Mstari ulitoka. Shingo ikaufuata, kidevu, mdomo wote. Nyumbani Zawadi alichorea rangi ya mafuta ya dukani kwangu. Huku alikuwa akiokota rangi ya maji iliyobaki walipopaka kuta za bosi, isiyohimili thina. Miaka yote ile kwenye simu, sikumuuliza anachorea nini.

Mombasa. Mama aliuweka ubao mapajani, akaziba kwa kiganja pale palipofutika.

"Macho ni yake. Mdomo je, alikuwa anacheka?"

Pale kwa Mzee Seif niliutazama mstari tu. Nilichojifunza ndicho hicho: uso hutazamwa kwanza.

Tiketi na hoteli nililipa bila kuuliza bei. Thina niliinunua Balad, chupa moja, riyali kumi na moja.