Kivumbasi Mlangoni mwa Zahanati

Siku ya kwanza kazini nilishuka basi Mugumu nikiwa na sanduku moja na barua ya kupangiwa kituo. Kwetu ni Njombe. Kikurya, lugha ya wenyeji, sikujua hata salamu. Zahanati ilikuwa kijijini, vyumba vinne tu, na mkuu wake, ambaye kikazi huitwa mganga mfawidhi, hakuwa na maneno mengi.

"Sista, hapa wagonjwa wengi watakuja wananukia kivumbasi. Usiwakunjie uso. Waulize wamekitumiaje."

Kivumbasi kilijiotea kando ya njia, na maua yake madogo yalijaa nyuki. Wenyeji walichemsha majani, mgonjwa akafunikwa blanketi pamoja na chungu, akavuta mvuke mpaka atoke jasho. Huko ndiko kujifukiza. Wengine walikunywa maji yake kutuliza kikohozi. Chuoni hatukufundishwa habari za jani hilo, nami niliona ni ushamba.

Mwezi wangu wa tatu kazini akaja mama kijana aitwaye Robi. Mtoto aliyembeba alikuwa anawaka homa, siku ya tatu sasa kwa maneno yake, nguo zote zinanukia kivumbasi. Nilimfokea mbele ya foleni.

"Siku tatu unamfukiza majani? Ulisubiri afe ndipo umlete?"

 Robi alimfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Mganga mfawidhi alikuja baadaye kidogo, akaelezwa. "Ulimpima?"

"Hapana."

"Basi mfuate. Usirudi bila mtoto."

Nilikwenda nikiuliza nyumba kwa nyumba, jua kali, kiatu kimoja kikinibana. Kwake nilimkuta mama mkwe wake, Bhoke, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafukiza watu pale kijijini.

"Shikamoo mama. Nimekosa. Nimekuja kumchukua mtoto, tumtibu."

"Marahaba. Umemkosea nani?"

"Robi."

"Basi mwambie yeye."

Nikamgeukia Robi, aliyekuwa amempakata mtoto, nikamwomba radhi. Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mwanzo: amepewa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Bhoke alijibu bila kuficha. Ni mvuke tu, hakunyweshwa kitu, na tangu asubuhi anatapika. Tukapanda pikipiki mbili za majirani, tukarudi sote. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Mtoto akachomwa sindano, na kesho yake asubuhi alinyonya.

Tangu hapo Bhoke aliwafukiza watu siku moja tu. Homa isiposhuka, aliwaleta mwenyewe. Alikaa kwenye benchi akinisimulia alichowapa, nami niliandika kwenye daftari la wagonjwa.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wakinitembelea huniuliza kama kivumbasi kinatibu. Nawaambia mvuke wake humpa mtu nafuu, ila malaria hautibu. Hayo nayajua. Nisichojua ni mama wangapi walioiona sura yangu iliyokunjika miezi ile miwili ya kwanza, wakageuza njia kimya kimya. Mganga mfawidhi hakuwaona, na mimi sikuwafuata.