Vitanda Vitatu vya Bibi Pasi

Mama yangu alipiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Wauguzi wakamwita Bibi Pasi, na jina likamfuata mpaka mtaani. Alistaafu akiwa na mikono isiyoogopa moto na bustani ya mboga nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane, aliyokuwa akiilima kwa jembe dogo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alipoacha kazi, bustani ndiyo ikawa zamu yake.

Kisha akaanguka. Aliteleza kwenye ngazi mbili tu za mlango wa jikoni, nyonga ikavunjika, wakamfanyia upasuaji. Daktari alimwambia bila kuzunguka: kutembea utatembea, lakini kuinama na kupiga magoti, basi. Mama alijibu, "Sawa, daktari," kwa sauti ya mtu aliyeagizwa chumvi. Nyumbani hakulia wala hakulalamika. Alihamisha tu kiti chake kutoka dirisha la nyuma, akakiweka kwenye dirisha la mbele linalotazamana na ukuta wa jirani. Nikajua hali yake ilivyo.

Mume wangu ni seremala, na kazi yake kubwa ni vitanda. Mama hakuwahi kumchukia, niseme ukweli, ila hakuwahi kumzoea. Siku aliyokuja kujitambulisha alichelewa saa mbili nzima, na alipofika alikuwa na maranda ya mbao kwenye nywele. Kwa miaka saba Mama alimwita "huyo fundi wako." Hata mwenyewe akiwa amekaa mbele yake, alipitia kwangu: "Muulize huyo fundi wako kama ataongeza chai."

Jumapili moja, wiki ya saba baada ya upasuaji, mume wangu alimwomba Mama asimame karibu na meza. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, akaandika kwenye kiganja.

"Ananipima sanda?" Mama akaniuliza mimi.

"Hapana, Mama," akajibu mume wangu mwenyewe. "Nataka kukutengenezea vitanda vitatu."

"Vitatu. Nilale mimi na nani?"

Mume wangu alicheka mpaka akashindwa kueleza, ikabidi nieleze mimi. Vitanda vya mboga, yaani masanduku ya mbao yenye miguu, yanayofika kiunoni, ili mtu alime amesimama wima kama anayepiga pasi. Mama akauliza maswali ya mtu anayejua. Mbao zimetiwa dawa? Hazikutiwa. Chini yatatobolewa? Yatatobolewa. "Haya," akasema, huku akinitazama mimi.

Siku kumi baadaye masanduku yalikuwa nyuma ya nyumba, mapana, yenye kina cha mkono mzima. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: yalikuwa na tumbo kubwa. Udongo wa kuyajaza ungetoka wapi? Mume wangu, kwa kutaka kumfurahisha Mama, alingoja siku niliyompeleka kliniki. Mtaa wa pili palikuwa na kiwanja kilichochimbwa msingi wa nyumba, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa pembeni. Aliwaomba wajenzi, wakamwambia abebe atakavyo. Alipiga safari kumi na saba kwa toroli, akajaza sanduku la kwanza hadi ukingoni, akalimwagilia maji. Kisha jua likaliwakia.

Tuliporudi tulimkuta amesimama kando ya sanduku lake, ameoga, amevaa shati safi. Mama akasogea na mkongojo, akachoma kidole kwenye udongo. Hakikuingia. Akajaribu kidole gumba, nacho kikagoma. Upande mmoja udongo ulikuwa umekauka na kupasuka, upande wa pili maji yametuama kama kwenye sahani.

Namjua mama yangu. Kuna madaktari waliokuwa wakikwepa kupita mbele ya chumba chake cha pasi.

"Mwanangu," alisema, wala hakuwa akinitazama mimi. "Huu ni udongo mzuri sana. Wa matofali."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba habari ya matofali hata hakuisikia vizuri. Alisikia lile neno la kwanza tu. Akaenda kuchukua sepetu, akaanza kuutoa wote.

Kesho yake Mama aliweka kiti katikati ya masanduku, na kazi ikaanza upya kwa amri yake. Sanduku lenye kina, alisema, halijazwi udongo mtupu toka chini mpaka juu. Chini kabisa tuliweka vigogo vilivyoanza kuoza na matawi makavu, ili maji yapate njia. Juu yake maboksi yaliyochanwa, baada ya kubandua utepe wote wa plastiki, na Mama alikagua kila kipande mbele na nyuma kama shuka linaloshukiwa kuwa na doa. Yakafuata majani makavu, nyasi, na maganda ya jikoni. Mume wangu alileta kwa fahari magunia mawili ya vumbi la mbao kutoka karakana yake. Mama akachota, akanusa, akaruhusu makopo mawili tu.

"Likizidi litanyang'anya mboga chakula," akamwambia. "Usinune. Jingine tutalitandaza njiani, tusikanyage tope."

"Sijanuna, Mama."

"Umenuna kidogo."

Ikabaki sehemu ya juu, ambapo mizizi ingekaa. Mama alitaka makarai mawili ya udongo mweusi, karai moja la samadi, na nusu karai la mchanga. Udongo mweusi tuliuchimba palepale kwenye bustani yake ya zamani. Samadi hatukuwa nayo, nikaenda kumwomba jirani wa nyumba ya tatu anayefuga mbuzi. Nilimwomba magunia mawili. Alikuja na matano, ya samadi ya zamani iliyokwisha kupoa, akayatua mwenyewe, na nilipoanza kumshukuru akanikatiza.

"Mtoto wangu wa pili nilijifungulia kule hospitali," alimwambia Mama. "Nilikuwa natetemeka mwili mzima. Ukaniletea shuka lililotoka kwenye pasi wakati uleule. Najua hukumbuki."

Mama alikiri kwamba hakumbuki. "Mashuka yalikuwa mengi," alisema.

"Mimi nilipata moja," jirani akajibu.

Mama akapata kazi ya ghafla ya kuokota vijiwe kwenye karai, na hakuinua uso kwa muda.

Alasiri alimfundisha mume wangu kuujaribu mchanganyiko. Chota konzi, bana, fungua kiganja. Ukibaki donge gumu, ongeza mchanga. Ukimwagika wote, ongeza samadi. Ukishikana, halafu ukavunjika ukiugusa tu, umefika. Mume wangu, ambaye hupima kila kitu kwa milimita, aliupenda mtindo huu kama mtoto. Kila karai alibana, akamwonyesha, naye akakubali au akakataa. Watu hawa wawili walizungumza mchana kutwa bila kupitia kwangu. Nilikwenda kupika nikiwa nimeachishwa kazi ya ukalimani, na nikamshukuru Mungu pale pale mbele ya sufuria.

Mama alitukataza kupanda mara moja. Tumwagilie, alisema, tungoje. Wiki ya tatu mume wangu alikwenda kutazama, akakuta udongo umeshuka shibiri nzima. Akaingia jikoni uso umemsawijika.

"Mama, nadhani nimekosea huko chini. Udongo unapungua."

Mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke. "Hujakosea kitu. Vya chini vinaoza, vya juu vinashuka. Tutaongeza leo, na msimu ujao tutaongeza tena. Kazi hii haina mwisho, mwanangu. Ndiyo maana naipenda."

Tukaongeza, tukapanda mchicha, vitunguu na karoti. Mchicha ulitangulia. Siku ya kuuchuma, Mama aliufunga mafungu matatu. Moja likaenda kwa jirani wa mbuzi, moja likabaki jikoni. La tatu alilishika mkononi, akaniambia nimpeleke karakana, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Mume wangu alizima mashine alipomwona mlangoni, na wenzake wawili wakasimama. Mama alikuwa ameandaa maneno njiani, nilimsikia akiyanong'ona. Yote yakamtoka kichwani.

"Kila asubuhi nasimama pale, saa moja hadi saa tatu," alisema. "Nalima, na siumwi. Asante, mwanangu. Asante sana."

Mume wangu alipokea mchicha kwa mikono miwili, asijue auweke wapi. Alisema, "Karibu, Mama," kisha akasema tena, akamfutia vumbi kwenye kigoda. Mama akaketi, akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye kitanda kilichokuwa kimekaribia kwisha.

"Mguu ule wa nyuma," alisema, "si mfupi kuliko mingine?"

Mmoja wa wale mafundi akainama kutazama. Ulikuwa mfupi kweli.