Kichwa Kilichooshwa Vizuri

Harufu ya dawa ya kulainisha nywele bado hunichukiza, ingawa huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nifungue saluni yangu hapa Bungoma mjini. Msinicheke. Kila asubuhi nikifungua mkebe wa kwanza, ile harufu ya magadi iliyofunikwa na manukato ya bei rahisi hunipanda puani, na papo hapo ninakuwa nimerudi nyuma ya jikoni kwetu karibu na Kachibora, nina miaka minane, nimefungwa taulo shingoni. Halafu namkumbuka Madam Edna wa Kitale, na kinyaa kinanishika upya.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Madam Edna alikuwa na saluni nyuma ya soko la Kitale, yenye draya mbili na pazia la maua. Dada yangu Nafula alipelekwa kwake akiwa na miaka kumi na saba. Baba alimpeleka mwenyewe, na jogoo mweupe na gunia la mahindi, akavua kofia mlangoni kama anayeingia kanisani. Walikubaliana kwamba Nafula angefunzwa kazi mwaka mzima. Krismasi ikifika, angemtengeneza nywele shangazi yetu mdogo aliyekuwa anaolewa Bungoma. Baba alituambia sote kwamba kichwa cha bibi harusi kikitoka vizuri, atamtafutia Nafula chumba cha saluni pale Kachibora. Kisipotoka vizuri, Nafula atarudi kushika jembe na mambo ya nywele yaishe.

Likizo ya Agosti nilienda kukaa naye wiki mbili, nikayaona hayo mafunzo kwa macho yangu. Nafula alifagia nywele. Alichota maji. Alizibua mtaro ulioziba kwa mafundo ya nywele na povu la kijivu, kwa mikono mitupu, huku Madam akitafuna mandazi hatua mbili kutoka pale. Na aliwaosha wateja vichwa. Hapo dada yangu alikuwa na mikono ya ajabu. Alisugua kwa ncha za vidole, taratibu, nyuma ya masikio na kwenye kisogo, mpaka wanawake wazima wakasinzia midomo wazi. Wengine walikuja wakimwulizia yeye kwa jina, jambo ambalo Madam hakulipenda hata kidogo.

Lakini dawa ilipotaka kupakwa, Madam alivuta pazia. "Nafula, kimbia uniletee chai kwa hoteli." Chai ikifika, mteja ameshapakwa, kazi iliyobaki ni kumwosha. Siku nyingine alitaka viazi vya kukaanga, siku nyingine sindano ambayo hakuna aliyeihitaji. Alasiri moja nilimwona akiihamisha dawa kutoka kwenye mikebe ya dukani na kuitia kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, isiyo na neno hata moja juu yake. Ile yenye maandishi aliipeleka chooni akaitupa shimoni, pamoja na karatasi za maelezo. Aliporudi alilamba vidole vyake vilivyokuwa na sukari ya mandazi, akavipangusa kwenye leso ya Nafula, leso ambayo Nafula alikuwa ameivaa. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba mate ya mtu hayapanguswi kwenye nguo ya mwenzake.

Siku hiyo Nafula alijipa moyo akauliza dawa inapakwaje.

"Mimi sifundishangi mtu na mdomo," Madam akamjibu. "Wewe angalia tu, bana. Si uko na macho?"

Kisha akamtuma chai.

Desemba ilipofika Nafula alikuja nyumbani wiki moja kabla ya harusi. Kwenye karatasi ya nailoni alikuwa amefunga dawa kidogo, aliyoikwangua kutoka kwenye mkebe aliopewa aoshe. Hakutaka kubahatisha na kichwa cha bibi harusi. Alitaka kujaribu kwanza, na mimi nilijitoa kabla hajamaliza kuuliza, maana nilitamani nywele za kuanguka mabegani kuliko nilivyotamani nguo mpya ya Krismasi.

Kwanza aliniosha. Kichwa changu kilijaa vumbi la mashamba, naye alitaka kazi safi. Aliniosha mara mbili kwa sabuni nyingi, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu kwa usafi, akamaliza jerikeni zote mbili. Nakumbuka nilivyosinzia kama wale wanawake wa Kitale. Halafu akanipaka dawa, kwa uangalifu, akigawa nywele kwa mistari iliyonyooka.

Mwanzoni iliwasha tu. Nikanyamaza, nikidhani urembo ndivyo unavyoingia. Kisha moto ukawaka kichwani, nikapiga kelele, na Nafula akageukia jerikeni akazikuta tupu. Akakimbilia kisima cha jirani. Mimi sikungoja. Nilitumbukiza kichwa kwenye karai la ng'ombe, lenye makapi na mate yake, na ng'ombe akarudi nyuma akinitazama kama nimemwibia. Hapo hata mimi huwa nacheka nikisimulia. Lakini ngozi ilitoka, na juu ya sikio la kushoto nina baka ambalo halijaota unywele mpaka leo.

Baada ya zahanati, Mama alitushika mikono, tukaenda mpaka Kitale. Hakwenda kugombana. Alikuwa na swali moja.

"Niereze tu, Madam. Huyu mtoto arikosea wapi? Ndio asirudie."

Madam Edna aliinua kitambaa nilichofungwa kichwani kwa kucha mbili, akatazama kidonda, akakunja pua. "Hiyo ni siri ya kazi, mama. Watu wanaharakisha sana. Si angeniuliza?"

Nafula alikuwa amesimama pale pale.

Basi Baba akafunga mjadala, Nafula akarudi shambani. Na shangazi alitengenezwa na nani? Na Madam Edna mwenyewe, aliyeletwa mpaka Bungoma, akalishwa kuku wetu, akanyonya mifupa mmoja baada ya mwingine mbele yetu. Alipomaliza kumpaka bibi harusi dawa, mlango ukiwa umefungwa, alitoa kichwa nje akaita, "Nafula, njoo uoshe." Dada yangu akaenda, akaosha.

Miaka tisa baadaye nilipata nafasi kwa Mama Zubeda, mwenye saluni karibu na msikiti hapa Bungoma. Siku ya kwanza alinipa mkebe ambao haujafunguliwa, akanikalisha kwenye kiti cha wateja. "Kabla hujashika kichwa ya mtu, nisomee hiyo karatasi yake yote." Nikasoma kwa Kiingereza changu cha shule, nikitafsiri polepole. Onyo la kwanza lilisema usioshe nywele kabla ya kupaka dawa. La pili, usisugue wala kukuna ngozi. Kidole changu kikakwama kwenye mstari huo. Mama Zubeda akadhani nimeshindwa na neno gumu.

Sasa nina wasichana watatu, na karatasi hiyo ndiyo chai yao ya kwanza. Ninyi mnaopokea watoto wa watu mkasema mnawafunza, halafu mkawapa ufagio na kuwavutia pazia, mnanitia kichefuchefu. Anzeni na kile kinachoweza kuumiza mtu. Mwambieni mwanafunzi kwa mdomo, mbele ya mteja, mikono yenu ikiwa wazi. Ninajua jinsi mkono unavyotaka kufunika mkebe msichana akisogea karibu, maana wangu nao umewahi kufanya hivyo, na siku hiyo nilijichukia.

Siku ile ya kwanza Mama Zubeda aliniachia ile karatasi. Jumamosi iliyofuata niliipeleka Kachibora, nikamkuta Nafula kwenye vitunguu. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba dada yangu aliniunguza kwa sababu hakuijua kazi. Kumbe aliniunguza kwa ile kazi moja aliyofundishwa, akiifanya kwa moyo wake wote.

Akapangusa udongo mikononi, akanigawa nywele juu ya sikio la kushoto, akalitafuta lile baka kwa ncha za vidole, taratibu, vile vile kama zamani.

"Na nilikuwa nimekuosha vizuri," akasema.