Wanawake wa Magamba Hawazungumzi

Jamani, mkinicheka nichekeni taratibu, maana ofisini bado hawajamaliza.

Nilitumwa Magamba kuchunguza kwa nini wanawake hawatoi maoni kwenye tafiti zetu za afya. Nikaitisha kikao. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma kwenye mkeka, nami nikauliza swali langu. Wanaume wakajibu kwa saa mbili. Mfugaji mmoja aliielezea aibu ya wanawake vizuri mno hadi maneno yake nikayapigia mstari.

Niliporudi Mpanda, niliwaambia wenzangu, kwa uchungu wa mtetezi kabisa, kwamba wanawake wa kule wamenyamazishwa.

"Na nani?" akauliza bosi wangu, Dokta Neema.

"Na mila," nikajibu, nikawasha rekodi ya kikao ili wote wausikie huo ukimya.

Wanaume wakasikika, mmoja baada ya mwingine. Kisha ikaja sauti ya mama, kwa mbali: "Mwanangu, mimi ninalo la kusema."

Akajibiwa na sauti ya upole ambayo kila mtu mle ofisini aliijua:

"Subiri kwanza, mama. Bado tunajadili kwa nini nyie hamzungumzi."