Nilisoma Maandishi ya Pipa la Rangi, Nikadanganya

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi hapa Uvira. Nimeomba jina langu lifichwe, kwa sababu kuna jirani anayemsomea mama yangu ukurasa huu.

Mama anasimamia wanawake wanaotia vitambaa rangi katika kiwanda kidogo. Waasi walipokaribia, Mzungu mwenye kiwanda alivuka mpaka kwenda Usumbura, akaacha mapipa ya unga wa rangi ya buluu. Kazi inaendelea bila yeye.

Feza, ambaye hapa nimembadilisha jina, ni binti wa mama mdogo, tumelingana umri. Alikimbia vita kijijini Mutarule, akaja kuishi kwetu, mtaa wa Songo. Mama akamchagua awe anachota unga. Kila jioni walirudi pamoja wakicheka, Feza mikono buluu mpaka viwiko. Sokoni watu wakiona mikono ile wanajua: huyu ana kazi. Glavu alizoacha Mzungu hakuna anayezivaa, maana zinazuia rangi isishike mikononi. Mikono yangu mimi ina wino wa shule tu, na mama aliacha kuniuliza nimesoma nini.

Siku moja nilipeleka chakula kiwandani, nikaona maandishi ya Kifaransa kwenye pipa: sumu, hupenya ngozi, usiguse, usivute vumbi lake. Pale hakuna mwingine anayejua Kifaransa. Feza akauliza, "Dada, wameandika nini?"

Mama alikuwa ametoka kumsifu mbele ya wote. Nikajibu, "Jina la rangi tu." Nilitaka kazi imshinde, basi.

Sasa ni wiki ya tatu. Midomo yake imekuwa ya kijivu, kichwa kinamuuma, akitembea kidogo anahema. Wanawake wanamtania, "Feza, miye naona unalamba rangi!" Juzi nilimwambia mama kwamba unga ule ni sumu.

"Weye ulilia sababu nilimupa Feza kitenge," akasema. "Leo kazi yake iko sumu? Acha wivu, mwanangu."

Mwalimu wangu akija kuwasomea maandishi yale, mama atamwamini. Lakini Feza atakumbuka alichoniuliza, na nilichomjibu. Jumatatu wanafungua pipa jipya. Bado namwonea wivu, tena sana, na sitaki afe. Nishaurini, ndugu zangu: nimlete mwalimu, au nimwambie Feza mwenyewe kwanza, kabla hajatia mkono ndani?