Chupa Arobaini na Moja za Sosi Yangu

Siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu, mwanamke nisiyemjua alinigongea mlango akivuta toroli la bustani lililojaa chupa tupu.

Chupa arobaini na moja. Zote zangu.

Nilizijua kwa vipande vya plasta kwenye vifuniko. Kila kimoja nimekiandika mwaka, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, ule unaolala upande kama mlevi.

"Wewe ndiye Mena?"

"Ndiye mimi. Na wewe nani, na vyombo vyangu umevitoa wapi?"

"Naitwa Winifred. Nakaa kule karibu na pampu. Pole kwa msiba, mama. Hizi alikuwa ananipa Libanio. Kila Novemba."

Kila Novemba!

Wajukuu zangu wa mtandaoni, niliubamiza ule mlango hadi picha ya marehemu ikaanguka ukutani. Nikaiacha hapohapo chini, kifudifudi.

Ngoja niwaambie kilichoniuma.

Hapa Wareham, Marekani, tumekulia kwenye mashamba ya kranberi, vile vitunda vyekundu kama gololi, vichachu mpaka sikio linacheza. Mimi shule niliiacha nikaenda kuchuma. Sikukuu ya Shukrani ikifika mwezi wa Novemba, bata mzinga ampike anayetaka, lakini sosi ya kranberi ni yangu.

Na kila mwaka inabaki. Watu watamaliza bata, watamaliza wali wa maharage, sosi itabaki nusu sufuria. Wenzangu mabaki hayo wanayatia kwenye keki, wanapaka kwenye mkate na nyama baridi, wakichoka wanawamwagia kuku.

Mabaki yangu mimi yalikuwa na mwenyewe.

"Mena, hiyo usimpe mtu," Libanio aliniambia mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. "Nitakwenda nayo kazini, niile na mkate mpaka Krismasi."

Yeye kazi yake ilikuwa kuangalia pampu inayoingiza maji mashambani. Basi nikawa namjazia chupa kubwa, anaondoka ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Kila mwaka mezani alikula kijiko kimoja tu, akashushia na bilauri nzima ya maji. "Najibania ya kazini," anasema.

Chupa hairudi. "Imevunjika, Mena."

"Mikono yako imepakwa bamia?"

Anacheka. Ila sifa alikuwa anarudi nazo!

"Mena, mwaka huu ganda la chungwa limekaa mahali pake."

"Mena, umepunguza sukari. Umefanya la maana."

Mwanaume anajua hadi sukari ilipopungua! Wanawake wenzangu waume zao wakiwekewa chakula kisicho na chumvi hawastuki. Nikawa natembea mjini kwa madaha, shingo juu kama bata mzinga ambaye hajasikia habari za Novemba.

Sasa kumbe sosi inaliwa kwa Winifred.

Fundi wa mawe ya makaburi alikuwa anasubiri neno langu. Tulishakubaliana jiwe la watu wawili: jina la Libanio, na langu pembeni, tarehe yangu ya mwisho iachwe wazi. Nikampigia simu.

"Jina langu usilichonge."

"Lakini mama, hili jiwe ni la watu wawili."

"Basi mchonge Winifred."

Binti yangu Odete akaja mbio. "Mama, umerukwa na akili? Baba hata mwezi hajamaliza, unamkimbia kaburini?"

"Baba yako alikuwa na mchepuko, mwanangu. Miaka arobaini na moja. Anamhonga sosi yangu."

"Mchepuko gani anahongwa sosi?"

"Wa bei rahisi."

Alicheka yeye. Mimi sikucheka. Kitandani nililala upande wangu, na upande wake nikaweka kapu la nguo chafu.

Siku ya nne baada ya zile chupa kuletwa nikajikaza kisabuni. Nikavaa viatu vya msibani, nikamwambia Odete anipeleke kwenye pampu. Nilitaka nimwangalie huyo mwanamke vizuri kabla sijaamua nizikwe wapi.

Akafungua mlango. Wajukuu, nilivunjika moyo. Nilitegemea mchepuko aliyejipanga. Kumbe bibi kizee mwenzangu, soksi hazifanani, miwani imefungwa na uzi.

"Alikuwa anaingia humu?" nikamuuliza.

"Nani, Libanio? Na yale mabuti ya matope? Hajawahi kuvuka hiki kizingiti, namshukuru Mungu."

"Sasa sosi yangu alikuletea ya nini?"

Akaniangalia kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Njoo nikuonyeshe, mama."

Akanipeleka kwenye kibanda cha pampu. Nyuma ya mlango kulikuwa na rafu.

Makopo.

Makopo ya sosi ya kranberi ya dukani, yamepangwa kama askari. Ile sosi ngumu, ukiitoa inasimama yenyewe kwenye sahani na mikunjo ya kopo imebaki mwilini mwake. Kwenye msumari kinaning'inia kifungua kopo. Na pembeni kuna kisu changu cha mpini wa pembe, cha zawadi za harusi, kilichopotea mwaka tisini na mbili. Kwa kile kisu nilimwita wifi yangu mwizi. Miaka sita hatukusalimiana!

"Alikuwa haipendi yako," Winifred akasema polepole. "Vile vipande vya matunda vilikuwa vinamkera mdomoni. Alitaka ya kopo, laini. Mwaka wa kwanza alikusifia kwa adabu tu. Akishasifia, akaona ameshachelewa kusema kweli. Akaniomba tubadilishane. Mimi chupa, yeye kopo. Nikimwambia nirudishe chupa, anasema, 'Mena atajua.'"

Kopo!

Mwanamke ningemsamehe. Mwanamke ana macho, ana maneno matamu, mtu anateleza. Lakini kopo? Miaka arobaini na moja nimesimama jikoni nakoroga, mvuke unaniunguza uso, na mwenzangu ananipiga changa la macho kwa ajili ya kopo?

Halafu nikakumbuka jambo.

"Na zile sifa? Ganda la chungwa? Sukari?"

Winifred akaona haya, akaanza kufuta miwani.

"Alikuwa ananiuliza. 'Winnie, mwaka huu nikamwambie nini?' Nami namwambia. Mwaka tisini na tano ulizidisha mdalasini, mama, ila nikamkataza asiseme. Nilijua utaumia."

Ni kweli. Ulizidi. Nilikuwa najua peke yangu.

Nikakaa kwenye ngazi ya kile kibanda, nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza vizuri, matusi na machozi pamoja. Mtu aliyeonja mkono wangu miaka yote hiyo alikuwa huyu bibi wa soksi zisizofanana. Libanio alikuwa mtu wa posta tu.

Sikukuu ya mwaka huu nimemkalisha Winifred kwenye kiti cha Libanio. Wifi naye alikuja, nikamwomba radhi mbele ya watu, akanijibu, "Kisu nimekusamehe, lakini kura yangu naipa kopo." Tukacheka mpaka Odete akaja na chupa kubwa na plasta.

"Mama, mabaki yako wapi nifungashe?"

Tukachungulia sufuriani. Winifred alikuwa anafuta ukingo wake kwa mkate.

Hakuna kilichobaki. Mara ya kwanza tangu niolewe.

Wajukuu, mtu akikusifia chakula chako, masikio yafurahi, lakini macho yaangalie anavyomeza. Miaka arobaini na moja bilauri ya maji ilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nasikiliza sifa.

Fundi wa jiwe nilimpigia. Nimemwambia achonge majina yote mawili, ila langu liwe juu.

Na Libanio sikumsahau. Jana nilikwenda makaburini nikamwekea kopo lake, jipya, zima, la ile anayoipenda.

Kifungua kopo ninacho mimi hapa, mfukoni mwa aproni.